Utafiti wa maumivu ya mgongo na viungo kwa manesi wa zamu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Andiko la utafiti la mwanafunzi linarudi kutoka kwa msimamizi mara ya tatu na wino mwekundu uko palepale: "Zamu umeipimaje?" Mwanafunzi anashangaa, mbona swali lipo, namba 7, "Je, unafanya kazi usiku? Ndiyo / Hapana". Sasa hapo ndo kwenye kosa lenyewe. Nesi gani wa wodini haingii naiti? Wote watatiki Ndiyo, halafu unabaki na kundi moja tu na huna wa kumlinganisha nae.

Maandiko ya hivi nimesoma mengi sana, ya diploma, ya digrii, hata ya masta, na watu wanaanguka kwenye mambo yaleyale: zamu haijapimwa, mzigo haujapimwa, sehemu za mwili zimetafsiriwa hovyo, na aliyekusanya majibu ni bosi wa wanaojibu. Nimeamua niyaandike yote sehemu moja. Historia ya ergonomia (elimu ya kuifanya kazi iendane na mwili wa mtu) siigusi, hiyo ipo kwenye utangulizi wa kila mtu. Nachukulia unafanya kwa manesi wa hospitali kwa sababu ndo mnaowachagua wengi, ila hata kama wako ni walinzi au wapakiaji wa kiwandani hatua ni hizihizi, unabadilisha tu orodha ya mizigo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Rosta za wodi za wiki 4 zilizopita. Nataka ile iliyobandikwa ukutani iliyofutwafutwa kwa peni, sio ile safi ya ofisini.
- Dodoso la Nordic, la kuulizia shida za misuli na viungo. Lilitolewa 1987 na Kuorinka na wenzake, linauliza sehemu 9 za mwili. Usitunge la kwako, ukitunga hutaweza kulinganisha na mtu yeyote duniani.
- Mchoro wa mwili wa mtu akionekana kwa nyuma, umegawanywa sehemu hizo 9.
- Skeli ya Borg ya 0 mpaka 10, ya kupima mtu anaonaje uzito wa kazi.
- Futi ya kamba ya fundi cherehani, na mzani wa kuning'iniza kama ule wa kupimia magunia.
- Daftari la kupiga tali na saa ya mkononi.
- Simu yenye KoboCollect (programu ya kujazia dodoso), na karatasi za akiba maana chaji na bando havina adabu.
- Mtu wa pili wa kuangalia kazi pamoja nawe angalau zamu mbili.
- Vibali vyote mkononi, sio "viko njiani".

Hatua ya 1: Andika swali moja linalojibika

"Madhara ya kazi za zamu kwa afya ya manesi" hilo sio swali, hicho ni kichwa cha habari. Swali linakuwa hivi: je, manesi waliofanya usiku 6 au zaidi ndani ya siku 28 zilizopita wanaumwa kiuno kuliko waliofanya chini ya 6, ukizingatia umri, miaka kazini na mzigo wanaonyanyua? Hiyo 6 ni mfano tu, ya kwako itatoka kwenye rosta ukishaona watu wamegawanyikaje.

Kuwa makini na maneno "madhara" na "husababisha". Ukienda wodini mara moja na dodoso unapata picha ya siku hiyo basi, huwezi kujua kipi kilitangulia. Mtu asiyelala vya kutosha anasikia maumivu zaidi, hilo limeshaonekana kwenye majaribio, na mtu mwenye maumivu halali vizuri, kwahiyo mshale unaenda huku na huku. Andika "uhusiano" na utakuwa umejiokoa na nusu ya maswali ya siku ya utetezi.

Utajua swali limekaa sawa pale ukimsomea mtu asiye wa afya, tuseme kaka yako fundi gereji, na akaweza kukwambia watu utawagawa kwa kigezo gani na utawauliza nini.

Hatua ya 2: Vibali, na mlango wa kuingilia

Tanzania unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), inategemea utafiti wenyewe, halafu barua ya uongozi wa hospitali. Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Anza mapema, ila usiende na dodoso ambalo bado unalibadilisha kwa sababu ukibadilisha maswali baada ya kibali unatakiwa urudi tena.

Sasa mlango. Utafiti wangu wa kwanza nilifanya ujinga ambao mpaka leo nikiukumbuka najisikia aibu. Nilimpa inchaji (msimamizi) wa wodi bahasha ya madodoso 30 awagawie wenzake, nikaona nimerahisisha. Baada ya siku tatu yamerudi yote 30, mimi furaha tele, kufungua nakuta 26 hawaumwi popote. Popote! Wodi ya wagonjwa wa kiharusi, kila siku wanageuza watu wazima, na hakuna anaeumwa kiuno. Baadae dada mmoja akanivuta pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, ile bahasha si anaikusanya mwenyewe na anasoma? Nikiandika kiuno kinauma kesho nasikia mimi mvivu." Madodoso 30 yote nikayatupa.

Kwahiyo inchaji anakuruhusu kuingia, anakutambulisha, na kazi yake inaishia hapo. Unaemuuliza muulize faraghani, jina lake halionekani popote kwenye majibu, na mwambie waziwazi kwamba hakuna wa hospitalini atakaeona majibu yake.

Hatua ya 3: Idadi ya watu

Hapa fupi. Kama manesi wote wa wodi zako ni 200 na unakubali kosa la asilimia 5, fomula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli inakupa 200 ÷ (1 + 200 × 0.0025) = 133.3, yaani 134. Wapo watakaokataa, ukikadiria mmoja katika kumi unagawanya 134 kwa 0.9 unapata 149. Gawanya, usizidishe kwa 1.1, ukizidisha unapata 148 na hao hawatoshi.

Onyo: usichukue waliopo mchana tu kwa sababu ndo muda wako wa kwenda. Wa naiti ndo utafiti wenyewe. Chukua orodha ya majina yote, chagua kwa bahati nasibu, kisha mfuate aliyechaguliwa popote zamu yake ilipo, hata kama ni saa nane usiku.

Hatua ya 4: Tafsiri mwili kwa Kiswahili cha watu

Sehemu 9 za Nordic ni shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono na viganja, mgongo wa juu, mgongo wa chini, nyonga na mapaja, magoti, vifundo vya miguu na nyayo. Ukiandika hivyo tu ukaenda wodini, umekwisha.

Kwanza, "mgongo". Kwa watu wengi mgongo ni kuanzia shingoni mpaka kwenye mkanda, na kule chini wanaita kiuno. Ukiuliza "je, mgongo wa chini unakuuma?" mmoja anafikiria katikati, mwingine anafikiria makalio, na yule ambae kiuno kinamuua anajibu hapana kwa sababu hujakitaja. Andika "kiuno (mgongo wa chini)" na umuoneshe kwenye mchoro.

Pili, "mkono" na "mguu". Kiswahili mkono ni kuanzia begani mpaka kwenye kucha, mguu nao hivohivo kuanzia nyongani, kwahiyo mtu akikwambia "mkono unauma" hujaambiwa kitu bado. Mwambie aguse. Mchoro wa mwili sio pambo, ni mkalimani wako.

Tatu, "maumivu". Dodoso lenyewe linauliza zaidi ya maumivu: kero, ganzi. Nesi aliyezoea kazi hawezi kukwambia anaumwa, atakwambia "huwa panakaza kidogo" au "vidole vinakufa ganzi nikiamka". Yataje yote kwenye swali.

Kila sehemu inaulizwa maswali matatu na usiruke hata moja: umepata shida hapo ndani ya miezi 12 iliyopita? Shida hiyo ilikuzuia kufanya kazi zako za kawaida, za kazini au za nyumbani? Umeipata ndani ya siku 7 zilizopita? La kwanza linakupa ukubwa wa tatizo, la pili linatenganisha kero na ulemavu, la tatu ndo lenye kumbukumbu bora. Kwa ile miezi 12 msaidie mtu kukumbuka kwa kumpa alama, mfano "tangu Ramadhani ya mwaka jana" au "tangu Krismasi iliyopita", kwa sababu miezi 12 kichwani kwa mtu inaweza kuwa minne au miaka miwili.

Mpe mtu mwingine arudishe tafsiri yako kwenye Kiingereza bila kuona ya mwanzo. Kama kiuno kimerudi kama nyonga, rekebisha. Umefaulu pale manesi 10 wa majaribio wote wanagusa palepale ukiwasomea jina la sehemu.

Hatua ya 5: Pima zamu yenyewe

Hii na inayofuata ndo roho ya utafiti, usizikimbize.

Zamu sio kitu kimoja. Kuna idadi ya usiku kwa mwezi, usiku mfululizo, urefu wa zamu, mwelekeo wa mzunguko (asubuhi kwenda jioni kwenda usiku, au kinyume chake), na mapumziko kati ya zamu moja na nyingine. Angalau chukua haya manne kwa kila mtu, kutoka kwenye rosta na sio kichwani kwake:

- usiku mangapi ndani ya siku 28 zilizopita;
- mfululizo mrefu kuliko yote ulikuwa usiku mangapi;
- mara ngapi alirudi kazini kabla ya saa 11 za mapumziko kupita;
- jumla ya saa alizofanya kazi kwa wiki, pamoja na zile za kumshikia mwenzake.

Lile la tatu watu wengi hawalijui. Nesi ametoka zamu ya jioni saa tatu usiku, kesho asubuhi saa moja na nusu yupo wodini, hapo katikati ni saa kumi na nusu tu, toa usafiri, toa kula, toa kuoga, amelala mangapi? Watafiti wa zamu wanatumia chini ya saa 11 kama mstari wa kurudi haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya 2004 kwa kawaida inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kila siku, na inauhesabu usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Andika kwenye mbinu zako umetumia mstari upi, maana kila mtafiti ana usiku wake.

Sasa mtego ambao umekula watu wengi kuliko yote: saa ya Kiswahili. Nesi anajaza mwenyewe kwenye simu, anaingia saa moja na nusu jioni anatoka saa moja na nusu asubuhi, anaandika 1:30 na 1:30. Kompyuta inatoa, inasema amefanya kazi saa sifuri. Mwingine anaandika ameingia 2:00 akimaanisha saa mbili usiku, kompyuta inasoma saa nane usiku. Nimewahi kuletewa data ya watu mia na kitu ambayo theluthi nzima saa zake ziko hivi na mwenye data hajui kabisa, anashangaa tu wastani wa zamu umetoka saa tano. Usimuachie mtu kuandika saa. Weka machaguo ya maneno, "saa moja na nusu jioni", "saa mbili usiku", na wewe ndani ya programu ndo unayapa namba 19:30 na 20:00.

Mtego mwingine ni tarehe. Ukimuuliza mtu "ulifanya usiku wa Ijumaa?" utapata majibu mawili tofauti na yote sahihi. Kwa wengi wetu hasa wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi, kwa mwingine ni Ijumaa jioni baada ya kazi. Bahati nzuri lugha ishatatua, sema "usiku wa kuamkia Ijumaa" na hakuna atakaekosea.

Kuhusu rosta ya ukutani: ile ya ofisini inasema Sista fulani alikuwa na ofu Jumapili, ya ukutani imefutwa, kumbe alimshikia mwenzake aliyefiwa. Tofauti ya hizo karatasi mbili kwa mwezi mzima inaweza kuwa usiku mbili tatu kwa mtu mmoja, na ukiwa na mstari wa 6 hizo mbili zinamhamisha kundi.

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kuchora mwezi mzima wa nesi mmoja kwenye karatasi ya viboksi, umuoneshe, aseme "eeh, ndo hivo hivo".

Hatua ya 6: Pima mzigo

Swali la "je, kazi yako ni nzito? Kidogo / Wastani / Sana" halikupi kitu, kila mtu kazi yake ni nzito. Unatakiwa uhesabu.

Kaa wodini zamu nzima, sio saa moja, umfuate nesi mmoja na daftari lako la tali. Kila anapomgeuza mgonjwa piga mstari. Kumvuta juu kitandani, mstari. Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti, kusukuma machela, kuburuta mtungi wa oksijeni, kubeba ndoo. Na pembeni ya kila mstari andika vitu viwili: alisaidiwa na wangapi, na kitanda kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni kwa futi yako ya kamba.

Hilo la wasaidizi ndo muhimu kuliko yote. Mchana wodi ina manesi watano, wanafunzi, ndugu wa mgonjwa wamejaa, kumgeuza baba wa kilo 80 ni kazi ya watu watatu. Saa nane usiku yuko nesi mmoja na muhudumu mmoja ambae ameenda maabara. Mgonjwa yuleyule, kitanda kilekile kilichokwama chini kwa sababu mkono wake wa kuzungushia ulikatika siku nyingi, na sista ameinama peke yake, kaingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya paja, anahesabu mpaka tatu na hakuna wa kuhesabu nae.

Unataka namba za kulinganishia? Fomula ya kunyanyua ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, inaanza na kilo 23, na hizo ni pale kila kitu kiko vizuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili sentimita 25, kimo cha sentimita 75, hujajipinda. Ukiusogeza mpaka sentimita 50 kutoka mwilini kiwango kinakatwa nusu kwa sababu unagawanya 25 kwa 50, unabaki na kilo 11.5. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Piga hesabu mwenyewe.

Ila onyo kubwa: fomula hiyo ni ya vitu, sio ya watu. Mgonjwa anajikaza, anateleza, anakushika shingoni. Kwa wagonjwa, Waters wa hukohuko NIOSH alipendekeza 2007 kikomo cha kilo 16 kwa kunyanyua kwa mikono, na huyo awe mgonjwa mtulivu. Mguu mmoja wa mtu mzima ni karibu asilimia 16 ya uzito wake, kwahiyo kwa mtu wa kilo 80 ni kama kilo 13. Ukinyanyua miguu yote miwili kuipandisha kitandani tayari umevuka. Hii hesabu iweke kwenye mjadala wako, walimu wanaipenda, na inaeleweka.

Kwa mikao ya mwili tumia REBA, njia ya kuupa mkao alama za hatari, ya Hignett na McAtamney ya 2000. Inakupa alama kuanzia 1 mpaka 15, ikifika 8 hatari ni kubwa na 11 kwenda juu ni kubwa mno, kazi ibadilishwe sasa hivi. Wewe na mwenzako angalieni tukio lilelile mpige alama kila mtu kivyake, halafu mlinganishe. Mkitofautiana sana kwenye matukio 10 ya mwanzo msiendelee, kaeni mkubaliane mgongo "umeinama" ni kuanzia wapi. Na usipige picha wodini bila kibali cha picha, hata kama sura haionekani.

Mwisho wa zamu muoneshe nesi skeli ya Borg, 0 ni hakuna kabisa na 10 ni nzito kupita kiasi, aseme zamu ya leo ilikuwa ngapi. Muulize kabla hajavua yunifomu. Akishafika kwenye daladala anakwambia kitu kingine.

Hatua ya 7: Uliza yanayovuruga hesabu

Umri, jinsia, urefu, uzito, miaka kazini, hayo wote mnaweka. Mnayosahau ni haya:

Kazi ya pili. Anatoka naiti anapitia hospitali binafsi kupiga zamu nyingine. Usimuulize kwa sauti ya polisi, sema "mbali na hapa, unafanya kazi nyingine yoyote inayokuingizia kipato?"

Nyumbani. Kuchota maji, kubeba mtoto mgongoni, kulima, kufua kwa mikono. Nesi akitoka naiti saa moja na nusu asubuhi halali, anaanza zamu ya nyumbani. Muulize alilala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi baada ya usiku wa mwisho, na kama alikatizwa.

Na la tatu, ambalo lisipoulizwa linaweza kugeuza matokeo yote kichwa chini: walioumia washahamishwa. Sista aliyeharibika kiuno wodini mwaka juzi leo yuko kliniki ya chanjo, mchana tu, hanyanyui mtu. Kwenye data yako anaonekana "hafanyi usiku, anaumwa kiuno". Waliobaki naiti ni wale wenye miili iliyohimili. Unachambua unakuta wa mchana wanaumwa kuliko wa usiku, unaandika hitimisho kwamba usiku unalinda mgongo, unachekwa. Swali moja tu linakuokoa: "Ulishawahi kubadilishiwa zamu au kitengo kwa sababu ya maumivu?"

Hatua ya 8: Jaribu, kisha kusanya

Jaribu kwa watu 10 mpaka 15 wa hospitali nyingine, pima muda. Ikizidi dakika 20 punguza, mtu aliyetoka naiti hana dakika 40 za kukupa na ukimlazimisha anatiki tu safu nzima ya kulia. Usimuulize katikati ya zamu wakati dripu zinamsubiri.

Andaa pia utafanya nini ukikutana na mgonjwa kati ya unaowahoji. Akikwambia ana ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo au choo vinamtoka au vimeziba ghafla, au mguu unakosa nguvu, simamisha dodoso na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Hiyo haisubiri uchambuzi.

Kila jioni fungua data uipitie. Umri wa miaka 3, uzito kilo 700, zamu ya saa sifuri, hivi vinarekebishika leo wakati mtu bado unamkumbuka. Wiki ijayo humkumbuki.

Hatua ya 9: Uchambuzi

Tumia jamovi, programu ya takwimu, kama huna hela ya leseni, ni bure. Anza na jedwali moja: mistari 9 ya sehemu za mwili, safu 3 za maswali ya Nordic. Hilo peke yake ni sura nzima ya matokeo.

Halafu linganisha. Tuseme, mfano wa kutunga huu, wenye usiku mwingi ni 100 na 60 wanaumwa kiuno, wenye usiku mchache 100 na 40 wanaumwa. Gawanya asilimia kwa asilimia, 60 kwa 40, unapata 1.5. Kompyuta ukiiambia ikupe odzi resho (wanaoumwa kwa wasioumwa wa kundi moja, kugawanya kwa wa kundi la pili) inatoa 2.25, na mwanafunzi anaandika "wana maumivu zaidi ya mara mbili". Uongo huo. Tatizo likiwa limeenea hivi odzi resho inakuza mambo, tumia uwiano wa asilimia.

Usiishie hapo, wagawe kwa mzigo ulioupima hatua ya 6. Watu walewale 200:

- Mzigo mkubwa: wenye usiku mwingi 80, wanaumwa 54 (asilimia 67.5). Wenye usiku mchache 30, wanaumwa 20 (asilimia 66.7).
- Mzigo mdogo: wenye usiku mwingi 20, wanaumwa 6 (asilimia 30). Wenye usiku mchache 70, wanaumwa 20 (asilimia 28.6).

Umeona? Tofauti ya zamu imeyeyuka. Hapa wanafunzi wanagawanyika makundi mawili na wote wanakosea. Wa kwanza hawakupima mzigo, wameshaandika usiku ndo tatizo. Wa pili wanaandika usiku hauna shida, shida ni kunyanyua. Sasa rudi kwenye tali zako uangalie safu ya wasaidizi: hao 80 wamefikaje kwenye mzigo mkubwa? Kama ni kwa sababu usiku wodi inaachiwa watu wawili, basi mzigo ni njia ambayo zamu imepitia kufika kwenye kiuno, na ukiuondoa kwenye hesabu umeiondoa na zamu yenyewe. Toa majedwali yote mawili na useme wazi hivyo. Na ndo maana pia tiba yake inabadilika, kupunguza idadi ya usiku kwa kila mtu hakutasaidia sana kama kila usiku bado ana mwenzake mmoja tu.

Hatua ya 10: Rudisha wodini

Nakala ya maktaba hakuna nesi atakaeisoma. Tengeneza karatasi moja, kurasa moja tu, Kiswahili, ibandike pembeni ya rosta ileile uliyoikopi. Weka vitu vitatu: sehemu tatu za mwili zinazouma kuliko zote, wastani wa wagonjwa wanaogeuzwa na mtu mmoja peke yake usiku ukilinganisha na mchana, na vitanda ambavyo havipandi wala kushuka, kwa namba zake. Hivyo vitanda ndo huwa vinatengenezwa kwanza maana ni bei nafuu kuliko kuajiri.

Kabla hujabandika pitia kila namba. Wodi yenye manesi wanne ukiandika "mmoja alishindwa kufanya kazi kwa sababu ya kiuno", kila mtu anamjua ni nani kabla hajamaliza kusoma. Kundi lolote la chini ya watu 5 liunganishe na la jirani, au liache nje.